Mikono Miwili

Kwa miaka tisa nilikuwa mmoja wa wazee wa kanisa waliohesabu sadaka kila Jumapili baada ya ibada, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya madhabahu, na katika miaka hiyo nilijifunza kuusoma mwezi kwa kutazama vikapu. Usharika wetu uko upande wa Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni, na washarika wengi wanaishi kwa dagaa kwa namna moja au nyingine: wapo wanaovua, wapo wenye mitumbwi, wapo wanaoanika, wapo wanaopakia magunia kwenye malori, na wapo kama mimi ambao huwauzia hao wote nyavu, kamba na maboya. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na siku hizi nyingi hutumia umeme wa jua, huwekwa juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, na wavuvi huwazungushia wavu. Mwezi ukishapevuka, mwanga wa taa humezwa na mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hulala ufukweni mpaka giza lirudi. Jumapili za mbalamwezi noti hupungua vikapuni na sarafu huongezeka. Wahubiri wageni waliotutembelea Jumapili za giza walirudi makwao wakiamini kwamba mahubiri yao juu ya utoaji yalikuwa na upako wa pekee, nasi hatukuona sababu ya kuwasahihisha.

Miongoni mwa bahasha nilizozifungua ilikuwapo moja ambayo niliitambua kwa harufu kabla ya kuisoma namba. Ilikuwa ya mama mmoja mjane ambaye huuza dagaa kwa visado. Wakati wa giza aliweka shilingi 2,000. Wakati wa mbalamwezi aliweka 500, na mara nyingine 200, lakini sikumbuki Jumapili ambayo bahasha yake ilikosekana. Mtu anayeyaona mambo ya namna hiyo kila wiki angepaswa kujifunza unyenyekevu. Mimi nilijifunza kinyume chake. Kujua nani ametoa nini kulinipa namna fulani ya ukubwa ambao sikuutambua, kwa sababu haukuwa wa maneno. Nilikuwa nikisalimiana na watu mlangoni huku nikijua, na ujuzi huo ulikaa nami kama funguo mfukoni. Injili ya Marko, sura ya 12, inasema kwamba Yesu naye aliketi kulielekea sanduku la hazina akatazama jinsi watu walivyotia fedha zao, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kutazama ndiyo dhambi. Lakini yeye alipomwona mjane mwenye senti mbili alitazama kilichobaki kwake baada ya kutoa, yaani hakuna, na mimi katika miaka tisa sikuwahi kujiuliza hata mara moja mama yule alibaki na nini.

Nilikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya diakonia, ambayo kazi yake ni kuwahudumia wajane, wagonjwa na wazee wasio na watu. Mara tatu au nne kwa mwaka tuligawa unga, mafuta ya kula, sabuni na chumvi. Nitaeleza jinsi tulivyogawa, kwa sababu wakati ule niliona ni utaratibu mzuri na hakuna aliyeniambia vinginevyo. Waliotajwa waliitwa mbele baada ya ibada, wakasimama mstari mmoja, wakasaini daftari au kuweka dole gumba, kisha kila mmoja akakabidhiwa mfuko wake huku akiangalia kamera ya simu, maana picha zilihitajika kwa taarifa na kwa ubao wa matangazo. Kabla ya kugawa, mimi kama mwenyekiti nilisema maneno machache, na karibu kila mara nilirudia lile neno ambalo Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso kuwa ni la Bwana Yesu, katika Matendo 20:35, kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea. Nilikuwa nikilisema neno hilo mbele ya watu ambao walikuwa wamesimama ili wapokee. Sikuona kwamba nilikuwa nikiwaambia usoni kwamba heri ni yangu na kwamba wao walikuwapo ili kuikamilisha.

Wanaoijua Mwanza wanajua kwamba nyumba nyingi za watu wa kawaida zimepanda milima pamoja na mawe yake. Kwangu ni hivyo hivyo. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi za mawe ambazo nimezipanda na kuzishuka kwa zaidi ya miaka ishirini, usiku na mchana, bila kuzifikiria. Asubuhi moja ya mvua ya masika, miaka mitatu iliyopita, niliteleza nikiwa nimebeba bunda la nyavu begani, nikavunjika mguu wa kulia mahali pawili. Nilifungwa hogo, yaani plasta ngumu, nikaambiwa nisikanyage, na nikakaa ndani wiki kumi na moja. Duka la mtu mmoja huanguka pamoja naye. Mke wangu alijaribu kulifungua siku chache kwa juma, lakini wavuvi wana maswali yao kuhusu macho ya nyavu na unene wa nyuzi ambayo yeye hakuwa na majibu yake, na wengi walikwenda kununua kwingine. Kufikia wiki ya tano tulikuwa tukipima unga kwa jicho.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba. Jumamosi hiyo zamu haikuwa yetu, lakini niliwasikia wakipanda ngazi huku wakiimba, kisha wakaingia wote, watu kama kumi na wanne, katika sebule ambayo haiwezi kuwatosha wanane. Walisoma neno, wakaomba, kisha mwenyekiti wa jumuiya akatoka nje na kurudi na vijana wawili waliobeba kiroba cha unga wa muhogo, gunia dogo la mkaa, kisado cha dagaa waliokauka vizuri, mche wa sabuni na bahasha. Baadaye mke wangu alihesabu. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 47,000, nyingi zikiwa noti za elfu moja moja na mia tano mia tano za sarafu. Mwezi ulikuwa mpevu wiki ile. Nilijua, bila kutazama nje.

Nilifanya nilichodhani kuwa ni adabu. Niliwashukuru kwa maneno marefu, kisha nikasema kwamba sisi, kwa neema ya Mungu, bado tulikuwa na kitu, na kwamba ingefaa zaidi vitu hivyo wapelekewe wenye shida kuliko sisi, na nikaanza hata kuwatajia majina, kwa maana niliyajua kutoka katika daftari la diakonia. Kukawa kimya. Aliyekivunja ni yule mama muuza dagaa, ambaye alikuwa ameketi chini karibu na mlango kwa sababu viti vilikwisha.

“Baba,” alisema kwa upole, “unga wako nimekula mara ngapi?”

Nilimjibu kwamba haukuwa unga wangu, ulikuwa wa kanisa.

“Sawa, wa kanisa. Na huu nao si wetu, ni wa kanisa. Sasa wewe unaukataa kwa nini? Au kanisa ni kanisa unapolipeleka wewe tu?”

Watu walicheka kidogo, wakamwonea aibu kwa niaba yangu, naye akainamisha kichwa kama mtu aliyevuka mpaka. Nilinyoosha mikono nikapokea bahasha. Hapo ndipo kijana mmoja, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha kazi hiyo, aliinua simu na kuniomba niigeuze bahasha kidogo ili ionekane vizuri kwa ajili ya taarifa. Nilikuwa nimevaa kikoi na fulana iliyotoboka ubavuni, mguu umelala juu ya kigoda, unga sakafuni mbele yangu. Sijawahi kumtazama mtu kwa namna niliyomtazama kijana yule, maskini, naye hakuwa na kosa lolote. Mke wangu akasema, “Mwanangu, picha hapana,” na simu ikashuka. Katika kabati langu, ndani ya faili la buluu, kulikuwa na picha za watu wengi sana ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea vile.

Kwa wiki sita zilizobaki sikuwa na kazi nyingine ila kusoma na kufikiri, na mahali nilipokwama ni sura ya 13 ya Yohana, pale Petro anapoona zamu ya kutawadhwa miguu inamfikia na kusema, “Wewe hutanitawadha miguu kamwe.” Tangu nikiwa kipaimara nilikuwa nimelisikia jibu hilo likisifiwa kama unyenyekevu uliopitiliza kidogo, unyenyekevu wa mtu anayejua nafasi ya Bwana wake. Nikiwa nimelala na hogo langu niliona kwamba Petro hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Alitaka kuchagua yeye mwenyewe ni nani wa kuinama. Yesu naye hakumsifu. Alimwambia kwamba asipomtawadha, hana shirika naye, na neno hilo shirika ndilo lililonizuia usingizi, kwa sababu sisi tunalitumia kila Jumapili na hatulipi uzito huo. Mtu anayetoa tu, asiyekubali kupewa, anafadhili wenzake lakini hana shirika nao, hata kama kiti chake kiko mbele.

Nikaanza kuitazama Injili kwa jicho hilo na nikashangaa jinsi Bwana mwenyewe alivyokuwa mpokeaji. Alimwomba maji mwanamke Msamaria. Luka 8 inawataja akina Yoana mke wa Kuza na Susana pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakimhudumia kwa mali zao. Punda aliyempanda alikuwa wa watu, chumba cha karamu kilikuwa cha watu, na kaburi alilolazwa lilikuwa la Yusufu wa Arimathaya. Alipotaka kuwafundisha makutano pale ziwani aliingia katika chombo cha Simoni na kumwomba akisogeze kidogo kutoka pwani. Yaani aliazima mtumbwi, kama vijana wa hapa kwetu wanavyoazima. (Ziwa lile, kwa wasiojua, lina kilomita za mraba kama 166 tu. Kisiwa chetu cha Ukerewe peke yake kinazidi 500, kwa hiyo ziwa zima la Galilaya lingeweza kukaa juu ya Ukerewe mara tatu na nafasi ikabaki. Jambo hilo halina uzito wa kiroho, lakini wavuvi wa jumuiya yetu walilifurahia mno nilipowaambia.) Hata Paulo, ambaye neno lake nilikuwa nikiwapiga nalo wajane, aliwaandikia Wafilipi katika sura ya 4 kuwashukuru kwa vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito, na akayaita mapatano yao habari ya kutoa na kupokea. Yote mawili, pamoja. Sijui ni kwa nini katika miaka yangu yote ya uzee wa kanisa nilisikia mahubiri mengi kuhusu nusu ya kwanza na sikumbuki hata moja kuhusu ya pili.

Na hali mila yetu ilikwisha kutufundisha. Huku Usukumani, na pwani yote ya ziwa kwa jumla, mtoto anayepokea kitu kwa mkono mmoja hupigwa kofi dogo la kiganja na kuambiwa arudie. Mama yangu alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lingine lolote. Ulipewa kipande cha tobolwa, yaani kiazi kitamu kilichochemshwa na kukaushwa, ulipewa muwa, ulipewa hata kikombe cha maji: unaweka mikono miwili, unakunja magoti kidogo, unasema wabeja, yaani asante. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba ni heshima kwa anayetoa tu. Lakini mikono yako yote miwili ikiwa mbele ya mtu huna mkono uliobaki nyuma, huna ulichoshika, na kwa dakika ile huwezi kujifanya kwamba hukuhitaji. Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nami naamini ni kweli kabisa, ila nimeona kwamba kupokea nako ni moyo, na kwa watu wa aina yangu ni moyo mgumu zaidi kuupata.

Niliporudi kwenye baraza la wazee nilikwenda na mapendekezo, na sitaki msomaji afikiri kwamba yalipokewa kwa vigelegele. Nilipendekeza tuache kuwaita wahitaji mbele, tuache picha, na tuache kusoma majina ya watoaji pamoja na kiasi walichotoa. La kwanza lilipita bila shida. Sasa watu wawili wa kamati huenda nyumbani kwa mhusika jioni, wanakaa, wanazungumza, wanakunywa chai kama ipo, na mfuko unaachwa mezani bila hotuba. La pili lilipita baada ya mjadala. Taarifa bado inahitaji ushahidi, kwa hiyo picha hupigwa vitu vikiwa stoo, magunia na ndoo, bila sura ya mtu. La tatu ndilo lililotuweka pale hadi saa mbili usiku.

Mtunza hazina wetu ni mtu mwaminifu ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi mia, na ndiye aliyenipinga kwa nguvu. “Mzee,” aliniambia, “ukificha majina leo, kesho mtu mwingine ataficha hesabu.” Nilimsomea Mathayo 6, kwamba utoapo sadaka mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Yeye alinisomea 2 Wakorintho 8, pale Paulo anapoeleza kwamba mchango wa watakatifu hausafirishi peke yake bali pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asije akawalaumu. Wote wawili tulikuwa na haki, na nilikiri hivyo mbele ya baraza, kwa sababu nimeishi vya kutosha kuona mambo yanayotokea pale fedha za kanisa zinapokuwa siri ya watu wawili. Tulikubaliana kwamba kila mwezi ubaoni patabandikwa namba za bahasha na kiasi, bila majina, pamoja na jumla ya mapato na matumizi, ili kila mtu aione yake na wote waione jumla. Kwa harambee ya jengo, baraza lilikataa. Walisema watu wakiacha kuitwa majina, paa halitafika. Bado naamini wamekosea, na bado majina yanaitwa, na paa, lazima niseme ukweli, limefika.

Lililo kubwa kuliko hayo yote halikutoka kwangu. Mchungaji ndiye aliyeuliza kwa nini kamati ya diakonia ina watu saba na hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kupokea kitu kutoka diakonia. Tukatazamana. Katika uchaguzi uliofuata yule mama muuza dagaa aliingia kwenye kamati, na ndani ya miezi michache tukajua mambo ambayo daftari langu halikuwahi kuyaandika: kwamba wajane wengi walikuwa wakiuza nusu ya unga tuliowapa ili walipie maji au madaftari ya wajukuu, kwamba bibi mmoja alikuwa na uwezo wa kushona lakini cherehani yake ilikuwa imekwama kwa kukosa mkanda wa shilingi elfu chache, na kwamba wapo waliokuwa wakitamani sana waulizwe wanaweza kutoa nini. Mzee mmoja ambaye tulimhudumia kwa miaka mingi kama mgonjwa asiyejiweza sasa huja kila Ijumaa kukaza misumari ya mabenchi. Anafanya polepole mno, na hakuna anayethubutu kumsaidia.

Kuhusu shukrani nina jambo moja, na nalisema kwa tahadhari. Ibada zetu zina nafasi ya shukrani za pekee, ambapo mtu au familia huja mbele na bahasha, akieleza alichotendewa, huku akina mama wakimsindikiza kwa nyimbo na khanga. Naipenda sehemu hiyo. Lakini huu ni mji wa ziwa, na ziwa limewachukua watu wetu wengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika hapa Mwanza, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu na gati la kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Katika mabenchi yetu wanaketi watu waliopoteza mume, dada, au mtoto katika moja ya siku hizo. Kwa hiyo mtu anaposimama mbele na kusema kwamba Mungu alimwokoa kwa kuwa ni mwombaji, au kwa kuwa hutoa zaka kamili, nawatazama wenzangu hao wanavyokaza macho kwenye sakafu.

Yupo mzee mmoja ambaye mwaka 1996 alikuwa asafiri na meli ile, akachelewa bandarini Kemondo kwa sababu ya gari lililoharibika njiani. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na tarehe hiyo, huja mbele na bahasha. Hasimulii habari ya gari. Husema maneno yale yale ambayo yamo katika maombi ya Wakristo wengi wa nchi hii kiasi kwamba tumeacha kuyasikia, kwamba tunakushukuru kwa uhai, si kwamba sisi ni wema sana kuliko wale waliotutangulia. Kisha huweka bahasha, na kabla ya kurudi kwenye kiti chake huzunguka na kuwashika mkono wale anaowajua kuwa walifiwa, mmoja baada ya mwingine, bila kusema kitu. Huchukua dakika nne au tano. Kwaya hungoja.

Sikukuu ya Mavuno mwaka huu iliangukia wakati mzuri. Watu wa mashambani, upande wa Kisesa na Magu ambako wengi wetu tuna ndugu, walileta mpunga, choroko, karanga, michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) na viazi vitamu vikubwa kama vichwa vya watoto. Watu wa ziwani walileta sato wawili wakubwa na dagaa kwa ndoo. Baada ya ibada ulifuata mnada, ambao kwa kweli ndio watoto wanaoungojea. Kuku mmoja mwekundu alinunuliwa na mfanyabiashara mmoja kwa 60,000, akarudishwa madhabahuni kuwa sadaka, akanunuliwa tena kwa 45,000, akarudishwa tena, na mara ya tatu alinunuliwa na mwalimu wa shule ya Jumapili kwa 15,000, ambaye alimtia kwapani na kwenda naye nyumbani haraka kabla mtu hajamshauri vinginevyo. Zamani nilikuwa nikihesabu fedha hizo kwa furaha na kuwaona wale wawili wa kwanza kuwa mashujaa wa siku. Mwaka huu nilimfurahia zaidi mwalimu, kwa sababu alitaka kuku.

Kikaja kisado cha dagaa, weupe, wasio na mchanga, na nikajua ni cha nani kabla hakijatajwa. Mnadishaji alianza na 5,000. Nilipanda hadi 20,000 na hakuna aliyenifuata. Nilikuwa na mpango wangu, na naona haya kidogo kuusema: nilitaka nikichukue kisado kile mbele ya watu wote, nimwendee yule mama pale alipoketi, na nimrudishie, ili aende akakiuze tena. Nilifika mbele yake na kukinyoosha. Alinitazama, akatazama kisado, akaiacha mikono yake mapajani.

“Hicho umenunua, baba,” alisema. “Ni chako. Kale.”

“Lakini mayu, mimi nilitaka...”

“Najua ulichotaka,” alisema, na akina mama waliokuwa karibu naye wakaanza kucheka, na mmoja wao akapiga kigelegele ambacho sikukihitaji. “Nyumbani mna nyanya?”

Nilisema zipo. Nilikibeba kisado mpaka nyumbani, nikapanda nacho ngazi taratibu, kwa mikono yote miwili kwa sababu mguu ule haujarudi sawasawa na huwa sitaki kuyumba. Mke wangu aliwaosha dagaa, akawakaanga na vitunguu na nyanya, akasonga ugali wa muhogo, na tuliwala siku nne.